Simu Mbovu Isiishie Shimoni: Mwongozo Kamili kwa Kaya, Mafundi na Mitaa ya Mtwara na Lindi

Jumamosi moja ya usafi wa mwisho wa mwezi, mtaani kwetu Mikindani, tulikuwa tumewasha majani makavu ya mikorosho na takataka nyingine ndani ya shimo, kama tulivyozoea. Moto ulipokolea, kitu kilipasuka ndani yake kwa mlio mkali na kurusha majivu ya moto hadi miguuni mwa mtoto aliyekuwa ameshika fagio. Tulipolizima shimo na kulichokoa kwa kijiti, tulikuta betri ya simu iliyofumuka kama korosho iliyoungua, na pembeni yake kipande cha bodi (kile kibao cha ndani chenye saketi za simu) ambacho plastiki yake ilikuwa imeyeyuka na kugandana na mchanga. Mtoto alipona, akabaki na alama ndogo mguuni. Tangu siku hiyo nimekuwa nikipokea simu mbovu za majirani ili zisifike shimoni, na mwongozo huu unaeleza namna kazi hiyo inavyofanyika, tangu simu inapoanza kusumbua hadi inapotoka mikononi mwako kwa njia halali.

Mzigo wa simu unaanzia mbali

Watu wengi hudhani kwamba simu huharibu mazingira inapotupwa tu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya madhara yake imekwisha kutokea kabla hujaitoa kwenye boksi. Kwa hesabu zinazotolewa na baadhi ya watengenezaji wenyewe, simu janja moja husababisha kilo 50 hadi 80 za hewa ukaa katika maisha yake yote, na takriban asilimia 80 ya kiasi hicho hutokana na kuchimba madini, kuyasafisha na kuitengeneza simu kiwandani. Umeme unaotumia kuichaji nyumbani kwako ni sehemu ndogo sana ya hesabu hiyo.

Madini yenyewe hutoka sehemu nyingi za dunia. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka kwa jirani zetu wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ndani ya bodi kuna shaba, bati, fedha, dhahabu na paladiamu, na upande hasi wa betri umetengenezwa kwa kinywe, yaani grafiti. Msomaji wa Ruangwa au Nachingwea hahitaji kuelezwa kinywe ni nini, kwa kuwa kimo chini ya ardhi ya Lindi, na amekwisha kuona jinsi ardhi inavyogeuzwa pale uchimbaji unapoanza. Kila betri inayoungua shimoni ni kinywe na kobalti ambavyo itabidi vichimbwe upya mahali fulani, pengine karibu na shamba la mtu unayemfahamu.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 kuhusu taka za kielektroniki inaonyesha kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na kwamba ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi. Kwa Afrika, kiwango hicho hakifiki asilimia 1. Nyingine zote ziko kwenye droo, majalala, mashimo, na kwenye mapafu ya wanaozichoma.

Kutokana na hayo, jambo la kwanza la kufanya ni kuirefushia maisha simu uliyo nayo. Urejelezaji ni wa maana, lakini unafuata baadaye.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba simu imekufa kweli

Simu nyingi zinazoletwa kwangu kama maiti huwa na tatizo moja kati ya matatu: tundu la chaji limeziba au limeliwa na kutu, betri imechoka, au kioo kimepasuka. Yote matatu hutengenezeka.

Anza na tundu la chaji. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao, usitumie sindano wala pini, kisha kwangua taratibu vumbi lililoshindiliwa ndani. Mara kwa mara hutoka kibonge cha nyuzi za mfukoni kilichochanganyika na vumbi jekundu la Newala au Masasi, na simu iliyokuwa "haiingizi chaji" huanza kuingiza. Jaribu pia waya na chaja nyingine kabla ya kumlaumu fundi au simu.

Betri ya lithiamu hupungua nguvu kwa kutumika. Nyingi huanza kulegea kati ya mizunguko 500 na 1,000 ya kuchajiwa, yaani miaka miwili au mitatu ya matumizi ya kawaida, na joto huharakisha uchovu huo. Watengenezaji wengi hushauri simu isitumike penye joto la hewa linalozidi nyuzi 35, ilhali dereva wa bodaboda anayeifunga simu kwenye usukani saa saba mchana hapa Mtwara huiweka kwenye joto linalozidi hilo kwa mbali. Usiichaji simu ikiwa juani wala ikiwa chini ya mto wa kulalia, na inapopata moto mkononi, iache ipoe kwanza. Ukiweza kuitumia ikiwa kati ya asilimia 20 na 80 ya chaji, utaongeza muda wake. Siku betri itakapochoka kabisa, badilisha betri peke yake, kwa kuwa betri mpya ni sehemu ndogo tu ya bei ya simu mpya, na sehemu nyingine zote za simu bado ni nzima.

Sisi watu wa pwani tuna adui mwingine, nalo ni maji ya chumvi. Simu ikizama baharini wakati wa kushusha samaki au kuvuka kwa mtumbwi, usiiwashe ili kuona kama imepona, wala usiichaji. Izime mara moja. Kama ni kitochi, simu ndogo ya vitufe, ambacho betri yake hutoka, itoe, kisha suuza simu kwa maji baridi ya bomba ili kuondoa chumvi, kwa sababu chumvi inayokauka ndani hula shaba ya bodi usiku na mchana. Kama betri imefungiwa ndani, ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo aifungue na kuisafisha kwa spiriti. Kuifukia kwenye mchele hakuondoi chumvi hata chembe, na mara nyingi muda unaopotea ndani ya mchele ndio unaoiua simu.

Simu ikiwa nzima ila huipendi tena, mpe mtu mwingine aitumie. Anayenunua simu iliyotumika abonyeze *#06# ili kuona namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, kisha aitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 kuhakiki kama ni ya aina iliyoandikwa juu yake. Wengi tunakumbuka jinsi simu bandia zilivyozimwa nchini Juni 2016 na kugeuka taka kwa usiku mmoja. Anayenunua simu bandia leo ananunua taka ya kesho, na betri yake aghalabu ndiyo ya kwanza kuvimba.

Hatua ya pili: toa vilivyo vyako kabla ya kuiachia

Hatua hii nairefusha kwa makusudi, kwa sababu hofu ya kuibiwa siri na fedha ndiyo inayowafanya watu wengi wazifungie simu mbovu ndani au wazichome moto, na hofu hiyo ina msingi.

Fuata mpangilio huu, maana ukiugeuza utajifungia nje. Kwanza, nakili majina, picha na sauti kwenye simu nyingine, kwenye memori kadi au kwenye akaunti yako ya mtandaoni. Pili, hakikisha huduma ya pesa ya laini yako inafanya kazi kwenye simu mpya, na ufute jumbe zote zenye namba za siri, namba za kumbukumbu na salio. Tatu, ondoa akaunti ya Google ndani ya Mipangilio. Kwa iPhone, zima huduma ya kuitafuta simu na utoke kwenye akaunti. Usipofanya hivyo, simu itamdai mmiliki mpya nywila yako, naye hataweza kuitumia, na simu nzima iliyo hai itakuwa imegeuka taka kwa kosa dogo. Nne, rejesha mipangilio ya kiwandani ili data yote ifutike. Tano, toa laini na memori kadi kwa mkono wako mwenyewe, usimwachie fundi.

Simu nyingi zilizotoka kiwandani zikiwa na Android 10 au toleo la baadaye huhifadhi data kwa usimbaji fiche, kwa hiyo baada ya hatua hizo si rahisi mtu kuchimbua kilichokuwemo. Kitochi hakina kinga hiyo, hivyo futa jumbe na majina yake moja kwa moja kwenye menyu zake.

Kama simu haiwaki kabisa, usiipige nyundo. Nyundo hupasua betri na kuacha chipu ya kumbukumbu ikiwa nzima. Ingia kwenye akaunti yako kupitia simu nyingine, tafuta orodha ya vifaa, uondoe kile cha zamani, ubadilishe nywila, kisha muulize fundi kama anaweza kuiwasha kwa betri ya kuazima kwa dakika kumi tu ili uifute. Laini ambayo huitumii tena usiiache hivihivi. Bonyeza *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoihitaji ukaifunge kwa mtoa huduma, kwa sababu namba iliyolala muda mrefu inaweza kupewa mtu mwingine.

Bibi mmoja wa hapa Mikindani aliniletea kitochi cha marehemu mume wake, amekifunga kwenye pindo la kanga. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniambia, "Mwanangu, hiki hakiwaki, lakini kukitupa siwezi, sauti yake imo humu." Tulitafuta betri inayokienea, kikawaka, tukazikuta rekodi tatu fupi ambazo mzee alikuwa amejirekodi akimkumbusha mkewe mambo ya shamba la korosho. Tulizihamishia kwenye simu ya mjukuu. Bibi alizisikiliza zote akiwa amesimama, kisha akaniachia kitochi mwenyewe bila mimi kumwomba. Ndiyo maana huwa simwambii mtu "lete simu mbovu" kabla sijamuuliza ndani yake mna nini.

Hatua ya tatu: tenga betri, na uiogope iliyovimba

Ndani ya betri ya lithiamu kuna kimiminika kinachoshika moto kwa urahisi. Betri ikitobolewa, ikipondwa au ikipata joto kali, tabaka zake za ndani hugusana, joto hupanda lenyewe, na moto unaotokea hutoa moshi wa sumu.

Kama betri hutoka kwa kufungua mfuniko wa nyuma, itoe na ubandike tepu ya umeme juu ya vile vishikizo vyake vya dhahabu, ili visigusane na chuma wala na betri nyingine. Kama imefungiwa ndani kwa gundi, usijaribu kuibandua kwa kisu. Iache humo au mpelekee fundi.

Betri iliyovimba huonekana. Kioo huanza kunyanyuka upande mmoja, mfuniko wa nyuma hukataa kufunga, na ukiiweka simu mezani na kuisukuma kwa kidole, huzunguka kama pia badala ya kutulia. Ukiona hivyo, acha kuichaji papo hapo, izime, iondoe chumbani mnamolala na iweke nje mahali pakavu penye kivuli. Usiitoboe ili "kutoa gesi", jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu likifanywa kwa msumari. Usiitumbukize kwenye maji ya chumvi kwa kudhani kwamba utaimaliza nguvu, kwa sababu chumvi hula vishikizo na kuacha nguvu ndani.

Shimo la choo, bahari na mikoko si mahali pa betri. Watu wa nyanda za juu za Makonde, ambako maji ya kunywa hupatikana kwa shida, wana sababu ya ziada ya kutozika chochote chenye metali ardhini. Katika simu za zamani na za bandia, lehemu ya kuunganishia bodi inaweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Wanaoumia zaidi ni watoto, kwa kuwa risasi hudhuru ubongo unaokua.

Hatua ya nne: hifadhi mpaka siku ya kukabidhi

Unahitaji ndoo ya bati au ya chuma yenye mfuniko usiobana sana, na mchanga mkavu. Mchanga wa ufukweni haufai, ingawa ndio ulio karibu, kwa sababu una chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Tumia mchanga wa mtoni au wa kujengea, uanike juani siku mbili mpaka upitie vidoleni bila kushikana. Weka tabaka la mchanga chini, panga betri zilizobandikwa tepu bila kugusana, funika kwa mchanga, kisha panga nyingine. Zilizovimba ziwe na ndoo yake peke yake, nazo zisizidi chache.

Simu zisizo na betri hazina hatari ya moto, hivyo boksi kavu linatosha. Chaja, nyaya na spika za masikioni ziwekwe kwenye boksi jingine, kwa kuwa ndani yake kuna shaba, na shaba hiyo ndiyo inayowavuta wachomaji. Plastiki ya nyaya inapochomwa ili kupata shaba hutoa dioksini, sumu inayodumu kwenye udongo na kuingia kwenye mayai ya kuku wanaodonoa hapo.

Hatua ya tano: kwa mafundi

Ndugu zangu mafundi, nyinyi ndio wenye mzigo mkubwa zaidi, na pia ndio wenye uwezo mkubwa zaidi. Simu iliyokufa bodi bado ina kioo, kamera, spika, mfuniko na vitufe vinavyoweza kuokoa simu nyingine tatu. Vitenge kwenye vifuko vyenye jina la modeli, maana spea inayojulikana ni mali, na lundo lisilojulikana ni uchafu.

Lipo jambo linalozungumzwa sana mitaani, nalo ni dhahabu. Ni kweli imo. Shirika la mazingira la Marekani linakadiria kwamba simu milioni moja hutoa takriban kilo 34 za dhahabu, kilo 350 za fedha na tani 16 za shaba, na medali zote za michezo ya Olimpiki ya Tokyo zilitengenezwa kwa metali iliyotoka kwenye vifaa vya zamani, zikiwemo simu zaidi ya milioni 6. Lakini igawe hesabu hiyo: kila simu ina miligramu 34 za dhahabu, kwa hiyo utahitaji simu zipatazo 30 ili zipatikane gramu moja, tena ukiipata yote bila kupoteza chembe. Viwanda kama kile cha Hoboken nchini Ubelgiji huyeyusha bodi katika tanuru kubwa zenye mitambo ya kusafisha moshi na kutoa aina nyingi za metali kwa mpigo. Kijana mwenye beseni la asidi uani hupata kiasi kidogo, hupoteza metali nyingine zote, na mvuke anaouvuta humharibu mapafu. Uza bodi zako zikiwa nzima kwa mwenye kibali, na ukatae kumuuzia anayechoma, hata akikuongezea bei.

Hatua ya sita: kusanyeni kwa pamoja, kisha kabidhini

Mtu mmoja mwenye simu mbili hawezi kumvuta mkusanyaji kuja Mtwara, lakini mtaa, shule au AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) yenye boksi zima inaweza. Chagueni watu wawili wanaoaminika, mmoja apokee na mwingine aandike kwenye daftari: tarehe, aina ya kifaa, kama betri ipo au haipo, na sahihi ya aliyeleta. Majirani huamini zaidi wanapoona kuna maandishi.

Upangeni wakati vizuri. Fedha za korosho huanza kuingia kuanzia Oktoba, na hapo ndipo simu mpya hununuliwa kwa wingi na za zamani hutupwa kando. Tangazeni ukusanyaji kwenye mikutano ya msimu huo, wakulima wakiwa wamekusanyika, kisha hifadhini vizuri kipindi cha mvua, ambacho kwetu huendelea mpaka Aprili au Mei, wakati barabara nyingi za vijijini Liwale na Tandahimba hazipitiki kirahisi.

Taka za kielektroniki nchini zinasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 pamoja na kanuni za mwaka 2021 zinazohusu taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na msimamizi ni NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambayo ina ofisi ya kanda ya kusini hapa Mtwara. Iulizeni ofisi hiyo au afisa mazingira wa halmashauri yenu ni mkusanyaji gani ana kibali ambacho muda wake hautakuwa umekwisha siku ya makabidhiano. Msipakie ndoo ya betri kwenye buti la basi la Dar es Salaam kwa kutaka kusaidia. Safari hiyo ina zaidi ya kilomita 500, buti huwa la moto, na abiria waliokaa juu yake hawajui kilichomo chini.

Mkusanyaji atakapofika, mwombeni awaonyeshe kibali, muulizeni bodi na betri zitapelekwa wapi baada ya kutoka kwake, na kama zitavuka mipaka, awaeleze zitavuka kwa idhini gani, kwa kuwa tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti usafirishaji wa taka hatari kati ya nchi, unataka nchi inayopokea iridhie kabla ya taka zozote za kielektroniki kusafirishwa kuingia kwake. Anayejibu kwa kigugumizi arudi na gari lake tupu. Anayejibu vizuri, pimeni mzigo mbele yake, andikeni uzito wa simu na uzito wa betri kila mmoja kivyake, mwekeane sahihi, na nakala ya karatasi hiyo ibandikwe kwenye ubao wa serikali ya mtaa, ili bibi aliyeacha kitochi chake ajue kilikwenda wapi.